Baiskeli ya Padri Pro

Tumsifu Yesu Kristo!

Baba Paroko, Masista wetu, mwenyekiti wa jumuiya, akina mama wa WAWATA, akina baba wa UWAKA, vijana, watoto wa Utoto Mtakatifu, na wewe mama mwenye nyumba uliyetutandikia mikeka barazani tangu asubuhi: asanteni kwa kunipa nafasi hii katika siku ya somo wetu, msimamizi wa jumuiya yetu, Padri Pro wa Mexico.

Picha iliyo mezani mnaijua. Ni mwaka wa sita sasa inahama nyumba hadi nyumba kila wiki, pamoja na msalaba na mshumaa, na kona yake moja imeshaingia nta. Leo naomba tuipitishe mkono kwa mkono, kila mmoja aisogeze karibu na macho. Mtamwona mwanamume aliyevaa suti ya rangi nzito. Amenyoosha mikono kama Yesu msalabani, na hana kitambaa machoni. Nyuma yake kuna ukuta wa magogo, na pembeni zimesimama sanamu bapa zenye umbo la mtu, ambazo polisi walizitumia kujifunza shabaha. Mkono mmoja umeshika rozari, wa pili msalaba mdogo. Hakuna kanzu wala stola wala kola ya upadri. Mwezi uliopita mtoto mmoja wa Utoto Mtakatifu aliniuliza, "Katekista, mbona padri wetu amevaa kama mwalimu?" Swali lile nimelala nalo na kuamka nalo, na leo ndilo nataka kulijibu.

Alivaa hivyo kwa sababu padri kutoka nje na kanzu lilikuwa kosa la kushtakiwa. Rais wa Mexico, Plutarco Elías Calles, alitia saini sheria hiyo Juni 1926, nayo ikaanza kutumika tarehe 31 Julai mwaka huohuo. Padri aliyeonekana barabarani na mavazi yake alitozwa faini ya peso 500. Padri aliyeikosoa serikali au sheria zake alikabiliwa na miaka mitano gerezani. Mapadri wa kigeni walifukuzwa nchini, shule za Kanisa na nyumba za watawa zikafungwa, na kila padri alitakiwa ajiandikishe serikalini ndipo aruhusiwe kuhudumu. Chanzo chake kilikuwa Katiba ya mwaka 1917. Marais waliotangulia walikuwa wameziacha ibara zile zilale. Calles akaziamsha na kuzipangia adhabu.

Maaskofu wa Mexico waliona kwamba padri akishakuwa mtu wa kuruhusiwa na kukatazwa na serikali, hakuna Kanisa tena. Wakaamua, Papa Pio XI akiwaunga mkono, kwamba ibada zote za hadhara zisimame nchi nzima kuanzia siku ile sheria inapoanza kazi. Makanisa yalibaki wazi, watu wakiingia kusali peke yao, ila padri hakuwapo altareni. Siku za mwisho za Julai watu walijaa makanisani usiku na mchana. Wenye watoto wachanga walikuja kubatiza, waliokuwa wakiishi bila ndoa walikuja kufunga, wazee walitaka kuungama kwa mara ya mwisho. Ninyi mmeona foleni ya kitubio Jumatano ya Juma Kuu hapa kwetu. Fikirini foleni hiyo ingekuwaje kama tungeambiwa kwamba baada ya Jumamosi hakuna tena.

Katikati ya msongamano huo alikuwamo padri mmoja mgonjwa wa tumbo, aliyeshuka kwenye meli bandarini Veracruz mwezi huohuo wa Julai akitokea Ulaya. Aliketi kitubioni tangu alfajiri, akapumzika kidogo mchana, akarudi mpaka usiku. Mara mbili walimtoa mle amezimia. Huyo ndiye Padri Miguel Agustín Pro, Mjesuiti, mwenye umri wa miaka 35. Alikuwa amebakiza miezi kumi na sita ya kuishi.

Nitataja kwa haraka alikotoka. Alizaliwa tarehe 13 Januari 1891 katika mji wa Guadalupe, jimbo la Zacatecas, nchi ya migodi, na baba yake alikuwa afisa wa migodi. Alipokuwa mdogo aliugua mpaka wakamkatia tamaa. Wazazi wake wakamtolea Mama Maria, na alipopata nafuu jambo la kwanza aliloomba lilikuwa cocol, mkate fulani mtamu wa kwao. Kumbukeni neno hilo, cocol, tutakutana nalo tena. Mwaka 1911 aliingia unovisi, yaani malezi ya mwanzo ya utawa, wa Wajesuiti mahali paitwapo El Llano. Miaka mitatu baadaye vurugu za mapinduzi zikawafukuza, wanovisi wakatawanyika kwa kujificha, naye akaanza maisha ya mtu asiye na kwao: California, kisha Hispania, kisha Nicaragua alikofundisha shule, halafu Hispania tena, halafu Ubelgiji. Alipadrishwa huko Enghien, Ubelgiji, tarehe 31 Agosti 1925, na katika kanisa lile hapakuwa na ndugu yake hata mmoja wa kumpa baraka zake za kwanza. Ninyi mnajua sisi tunavyokodi mabasi kwenda upadrisho wa mtoto wa jumuiya jirani tu! Kisha tumbo likazidi, wakampasua zaidi ya mara moja, na akiwa huko mbali, Februari 1926, mama yake akafariki Mexico. Wakubwa wake waliamua arudi nyumbani, huenda hali ya hewa ya kwao ingemsaidia. Alirudi wakati ambao mapadri wengine walikuwa wakitafuta njia ya kutoka.

Sasa nifike kwenye jambo linalotuhusu sisi tuliokaa hapa barazani.

Altare za Mexico zilipokuwa tupu, Padri Pro alipanga jiji lake kwa vituo. Kituo kilikuwa nyumba ya mtu, kama hii. Mwenye nyumba aliwajulisha majirani kimyakimya, wakafika asubuhi na mapema wawili wawili wasishtukiwe, padri akafika, akawapa Ekaristi, akaondoka kwenda nyumba nyingine. Kesho mzunguko ulianza upya. Kwa hesabu aliyoiandika mwenyewe katika barua zake, aliwakomunisha kwa wastani watu 300 kwa siku, na Ijumaa ya kwanza ya mwezi, siku ya Moyo Mtakatifu wa Yesu, idadi ilipita 1,000. Usafiri wake ulikuwa baiskeli aliyoiazima kwa mdogo wake. Ekaristi Takatifu ilikaa kifuani, chini ya koti la mtu anayeonekana kama karani anawahi kazini au fundi anakwenda gereji. Barua zake nyingine alizitia saini Cocol, ili zikikamatwa polisi wasimtambue. Jina la mkate.

Wengi wenu mmenisikia nikisimulia juu ya teksi. Siku moja aligundua gari la polisi linawafuata nyuma. Akamwambia dereva apunguze mwendo kwenye kona, asisimame, akaruka, akajigonga kwenye mti, akasimama pale koti wazi na kofia pembeni kama kijana asiye na haraka ya maisha. Gari la polisi likapita karibu kiasi cha kumgusa, wakamwona, wakaendelea kuifukuza teksi. Siku nyingine walikuwa wakimfuata kwa miguu, akamwona msichana mmoja Mkatoliki anayemfahamu, akampa ishara ya jicho na kumshika mkono, wakaenda zao kama wachumba, na waliomfuata hawakuwa na sababu ya kuwatazama wachumba. Watoto hupenda visa hivi, nami huwasimulia kwa sababu hiyo. Lakini ninyi wakubwa mzingatie alikuwa anakwenda wapi kila mara alipokimbia. Alikuwa anakwenda kwenye nyumba ya mtu. Kulikuwa na mgonjwa anamngoja, au watu waliokaa kimya sebuleni na mapazia yamefungwa, au mama mwenye watoto wasio na chakula, maana mfuko wake wa pili ulikuwa maharage, mahindi na mchele aliokusanya kwa wenye nacho akawagawie waliofukuzwa kazi na waliofungiwa ndugu zao.

Siku tulipopiga kura ya kuchagua somo, mzee wetu mmoja aliuliza swali la haki kabisa. Aliuliza kwa nini tumchukue Mmexico wakati tunao Karoli Lwanga na wenzake hapo Uganda, na tunaye Mwenyeheri Anuarite wa Kongo, ambaye jumuiya nyingi zimekwisha kumchukua. Sikuwa na jibu zuri siku ile. Leo ninalo. Lwanga ni somo wangu mimi kwa namna ya pekee, kwa kuwa usiku ule kabla ya kuhukumiwa kwao padri hakuwapo naye akawabatiza Kizito na wenzake kwa mkono wake mwenyewe. Katekista gani hawezi kumpenda? Lakini maaskofu wetu wa AMECEA, umoja wa maaskofu wa Afrika Mashariki, walipoamua miaka ya 1970 kwamba Kanisa la Afrika Mashariki lijengwe juu ya jumuiya ndogondogo, walitupa nyumba kuwa mahali pa kukutana na Mungu. Sisi tumepokea nyumba hizo kwa amani. Tunaimba kwa sauti mpaka mtaa wa pili wanasikia. Padri Pro ni mtu wa Kanisa la sebuleni kama sisi, ila yeye alilihudumia huku akitafutwa na polisi.

Leo sikukuu yake imekutana na Dominika ya Kristo Mfalme. Asubuhi tumetembea na Ekaristi barabara kuu, watoto wakimwaga maua, matarumbeta mbele, na askari wa trafiki akatusimamishia magari mpaka baldakino, kile kivuli cha kitambaa kinachofunika Ekaristi, ikavuka. Mimi nilimtazama yule askari, nikalia. Sikukuu hii Papa Pio XI aliianzisha Desemba 1925, na miezi michache tu baadaye watu wa Mexico wakaanza kufa wakitamka jina la Kristo Mfalme. Kwao kuvusha Ekaristi barabarani namna ile kungewapeleka gerezani.

Sasa nitasema jambo langu mwenyewe, na Baba Paroko analifahamu. Miaka minane iliyopita, msimu wa vuli, nilitumwa kumpelekea Komunyo mzee mmoja wa kitongoji cha juu. Mchana wingu likafunga, mvua ikaanza, barabara ile ya udongo mwekundu mnaijua inavyokuwa. Nikasema moyoni, nitakwenda kesho asubuhi, Mungu haharakishwi. Asubuhi nilipofika nilikuta wameshafunga turubai uani. Mjane wake hakunilaumu hata kidogo, na ingekuwa nafuu kwangu kama angenilaumu. Aliniambia tu kwamba tangu saa tisa alasiri walikuwa wamemnyoa mzee ndevu, wamemvalisha shati jeupe, akaomba kiti chake kiwekwe mlangoni, akawa anasikiliza mnyororo wa baiskeli yangu. Kila baiskeli iliyopita aliuliza kama ndiye katekista. Giza lilipoingia wakamrudisha ndani.

Miezi kadhaa baadaye padri mmoja mgeni, Mjesuiti, alilala parokiani kwetu akielekea safari yake, akaniachia picha hii na kunisimulia. Alipofika kwenye baiskeli nilishindwa kumtazama usoni. Huyu mtu alikuwa mgonjwa kuliko mimi. Jiji zima lilikuwa na macho ya kumtafuta. Mvua yangu ilikuwa nini? Tangu siku ile, ndugu zangu, nikiitazama picha hii naona mikono iliyonyooshwa, ndiyo, lakini naona zaidi mapaja yanayouma kwa kukanyaga pedeli tangu alfajiri, naona mtu anayepanda ngazi za nyumba ya nne na ya tano tumbo likimkata, kwa kuwa aliahidi kwamba atafika.

Ndiyo sababu najitahidi tusiianzie ibada yetu kwake kwenye risasi. Risasi zilichukua dakika chache. Baiskeli ilichukua miezi kumi na sita.

Hata hivyo leo ni tarehe 23 Novemba, na haitakuwa haki nisiseme alivyokufa.

Dominika ya tarehe 13 Novemba 1927, katika bustani ya Chapultepec, watu waliokuwa ndani ya gari walilirushia mabomu gari la Jenerali Álvaro Obregón, aliyekuwa rais zamani na sasa anagombea tena. Obregón hakuumia vibaya. Alasiri hiyohiyo alikwenda kutazama mchezo wa mafahali. Gari lililotumika liliwahi kuwa mikononi mwa Humberto, mdogo wake Padri Pro, na lilikuwa limeuzwa siku chache tu kabla. Hiyo ilitosha. Alfajiri ya tarehe 18 ndugu watatu, Miguel, Humberto na Roberto, walikamatwa nyumba waliyojificha. Mhandisi kijana, Luis Segura Vilchis, alikiri kwamba mpango ulikuwa wake. Kukiri kwake hakukuwasaidia akina Pro. Hakuna mahakama iliyokaa, hakuna shahidi aliyeitwa wala hukumu iliyosomwa. Amri ilitoka kwa Rais Calles.

Nasema hili wazi kwa sababu kijana mmoja aliniletea habari kwamba Padri Pro alikuwa mpiganaji. Ni kweli kwamba mikoani Wakatoliki wengi walishika bunduki, wale walioitwa Wacristero, na vita vyao viliendelea mpaka 1929. Ni kweli pia kwamba wadogo zake Humberto na Roberto walifanya kazi katika chama cha kutetea uhuru wa dini. Miguel mwenyewe alibeba Ekaristi na maharage. Kanisa lilichunguza maisha yake miaka mingi kabla ya kumweka altareni, na linamheshimu kama mtu aliyeuawa na watu walioichukia imani aliyoihudumia.

Jumatano ya tarehe 23, karibu saa nne na nusu asubuhi, waliita jina lake kwanza. Hakuwa ameambiwa anakwenda wapi. Serikali ilikuwa imewaalika wapiga picha wa magazeti wajaze ua wa makao makuu ya polisi, ikitaka nchi nzima imwone padri akiomba huruma. Alipokuwa anatolewa, polisi mmoja aliyeshiriki kumkamata alimsogelea akamwomba msamaha. Padri Pro alimjibu kwamba si kumsamehe tu, bali anamshukuru. Walipomuuliza haja yake ya mwisho, aliomba aachwe asali. Akapiga magoti pale kwenye vumbi, picha hiyo ipo pia, kichwa kimeinama, akaubusu msalaba wake. Akasimama. Kitambaa cha macho akakikataa. Akanyoosha mikono, na kabla ya amri ya kufyatua akasema kwa sauti ya kawaida, asipige kelele, "Viva Cristo Rey." Aishi Kristo Mfalme. Alipoanguka, askari mmoja alimsogelea akammalizia kwa risasi ya karibu.

Baada yake wakamtoa Segura Vilchis, kisha Humberto, kisha kijana mfanyakazi aitwaye Juan Tirado. Roberto alikuwa anangoja zamu yake alipookolewa na juhudi za balozi wa Argentina.

Jioni ile maiti zililazwa nyumbani kwa mzee Pro. Huyu alikuwa ameshampoteza mkewe mwaka uliotangulia, na sasa majeneza mawili yalikuwa sebuleni kwake. Binti yake Ana María alipoangua kilio, mzee alimuuliza kama hivyo ndivyo mtu anavyolia mbele ya watakatifu. Usiku kucha watu walipita kugusisha rozari zao kwenye majeneza, na kesho yake maelfu wakajaza njia ya kwenda makaburi ya Dolores, wakipaza sauti maneno yaleyale aliyoyasema Padri kwa upole. Serikali iliona kosa lake mapema. Picha zilizopigwa ili kumwaibisha zilikuwa zimekatwa kutoka magazetini, zimewekwa ndani ya vitabu vya sala, zinabusiwa. Ikapiga marufuku kuzimiliki. Watu wakazificha kama walivyokuwa wakimficha yeye. Hii iliyo mikononi mwenu, ambayo naona imefika kwa vijana pale nyuma, ni mojawapo ya picha zile zilizopigwa kwa amri ya waliomuua.

Papa Yohane Paulo II alimtangaza kuwa mwenyeheri huko Roma tarehe 25 Septemba 1988. Leo masalia yake yako katika kanisa la Sagrada Familia, mtaa wa Colonia Roma, jijini Mexico, na watu hupeleka pale wagonjwa wao, wafungwa wao, na watoto wao waliopotelea mbali.

Niseme maneno machache juu ya namna tunavyomheshimu sisi, maana kuna mambo yamenisumbua. Yeye ni mwenyeheri. Hajatangazwa bado kuwa mtakatifu. Kwa hiyo tunapomwomba kitu tumwombe kwa bidii na tuandike yanayotokea, kwani Kanisa linangoja muujiza kwa maombezi yake. Akina mama waliofanya novena kwa ajili ya yule binti aliyekuwa na vidonda vya tumbo walifanya vizuri: nani ataijua shida ya tumbo kuliko yeye? Na aliyepata nafuu aje aseme, asikae kimya. Lakini nimeona mahali picha yake imebandikwa juu ya mlango wa duka kama kinga ya wezi, na mwenye duka hajaonekana jumuiyani tangu Pasaka. Namwomba ndugu yangu huyo, naye yupo hapa na ninampenda, aishushe picha ile mlangoni aiweke mahali anaposalia jioni na wanawe. Padri Pro aliyavuka macho ya polisi ili awafikie watu mezani kwao. Hafurahii kuachwa mlangoni.

Jambo la pili ni hizi Ijumaa za kwanza. Jumuiya yetu ina kaya thelathini na mbili. Nimehesabu wagonjwa na wazee wasioweza kufika kanisani: ni saba. Baba Paroko amekubali kwamba kuanzia Ijumaa ya kwanza ijayo Ekaristi iwafikie wote saba siku hiyohiyo, nami nitakwenda. Lakini siwezi kwenda peke yangu kama zamani. Nataka kila nyumba ya mgonjwa iwe kituo. Majirani watatu au wanne waingie dakika kumi kabla, wafagie, wawashe mshumaa, waanze rozari na mgonjwa, ili Bwana asifike kwenye chumba cha mtu mpweke. Mwenyekiti ana karatasi. Andikeni majina yenu kabla ya chakula, siyo baada ya chakula, maana nawajua. Vijana wenye bodaboda nimewasikia mkinong'ona kwamba katekista angepanda pikipiki angemaliza kwa saa moja. Nashukuru kwa moyo huo, na siku ya mvua nitawaita. Siku ya jua niacheni na baiskeli yangu, wazee wameshauzoea mlio wake.

Nisiwachoshe. Baba Paroko ameniruhusu tuanze leo, na nyumba moja, hapo chini karibu na mwembe. Tulipokuwa tunapita kuja huku nimemwona Bibi ameshatolewa nje. Kiti chake wamekigeuza kitazame njiani, na kwenye kigoda pembeni yake wametandika kitambaa cheupe.